Siku Mbuzi wa Mama Mdogo Walipohesabiwa

Tableti niliyopewa kazini haikukubali maneno. Ukifika kwenye swali la mifugo ukaandika "wachache", inachora mstari mwekundu na kukurudisha palepale. Ilitaka tarakimu. Haikujali tarakimu gani, mradi iwe tarakimu. Mimi nimefundisha shule za msingi hapa Isiolo mpaka nikastaafu. Nimewashika mkono watoto wa Kiborana, wa Kisomali, wa Kiturkana na wa Kimeru mpaka wakajua kuhesabu hadi mia, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria kwamba hesabu ni kitu cha kumuumiza mtu.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya ulimi. Barabara kuu inayotoka mjini kwenda kaskazini ilikuwa inapangwa kupanuliwa iwe ya njia nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, na katikati ukuta wa zege. Kabla tingatinga halijagusa udongo, sheria inataka watu watumwe kuuliza: nani atahamishwa, mti gani utakatwa, maji ya mvua yataelekea wapi, mifugo itavukia wapi. Wanaiita tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Nilikuwa nimekaa nyumbani mtaa wa Wabera nikibishana na redio, nao walitaka mtu anayejua Kiborana, Kiswahili na Kiingereza cha kujazia fomu. Niliona ni kutembea na kuuliza tu, kazi ya mama mtu mzima kama mimi. Siku ya kwanza, saa nne asubuhi haijafika, magoti yalikuwa yameshanikumbusha umri wangu.

Mkubwa wangu alikuwa mtaalamu wa mazingira, mwanamke kijana kutoka Murang'a, wa rika la binti yangu wa mwisho. Alivaa kofia pana na buti, na alikuwa na kikohozi cha vumbi ambacho hakikumwachilia tangu alipofika. Nilimwita madam, yeye akaniita mwalimu. Nataka niseme mapema kwamba alikuwa mtu mwema, maana watu wakisikia habari hii huanza kumtafuta mbaya kutoka Nairobi. Hayupo.

Tulianza mjini. Tulipita kibanda kwa kibanda kando ya lami tukiandika nani ana nini ndani ya sehemu itakayochukuliwa. Watu wa mjini wakishasikia neno fidia, wanatia chumvi mpaka mchuzi hauliki. Mwenye kibanda kimoja alinionyesha vitatu. Mama wa chai alihesabu mabenchi yake, kisha akahesabu na la jirani aliyekuwa ameenda msikitini. Fundi viatu mmoja alinishikilia niandike na kivuli cha mgunga anapokaa, kwa sababu, alisema, bila kivuli hicho yeye hana duka. Nilipomwambia tableti haina mahali pa kuandika kivuli, alinitazama kwa huruma. Kazi yangu yote mjini ilikuwa kupunguza. Jioni nilirudi Wabera miguu imevimba, nikaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, nikajiuliza nilikuwa natafuta nini huko nje ilhali pensheni yangu ni ndogo lakini haijawahi kunichoma jua.

Halafu tukatoka mjini, tukaelekea Ngare Mara hadi sehemu ambayo njia ya Gotu inaiacha lami. Huko mambo yaligeuka. Hakuna aliyetia chumvi. Kila mtu alipunguza.

Niseme kwanza palivyo. Upande mmoja wa barabara kuna maboma ya wafugaji. Upande wa pili kuna laga, mto wa mchanga usio na maji juu, na ndani ya mchanga huo watu wamechimba visima. Kila siku mifugo huvuka lami kwenda kunywa, na huvuka tena kurudi. Kwa barabara ya sasa ni honi na matusi ya madereva wa malori, lakini wanavuka. Ukuta wa zege ukisimama katikati, hata mbuzi mmoja havuki. Ndiyo maana fomu ilikuwa na swali la mifugo. Wahandisi walikuwa wamechora handaki chini ya barabara, la kupitisha mbuzi na ng'ombe, na wangelijenga iwapo idadi ingeonyesha kwamba linahitajika. Idadi ikiwa ndogo, watu wa hapo wangetumia handaki jingine la mbali, upande wa kaskazini. Mbuzi mwenye mimba, wakati wa kiangazi, hafiki huko na kurudi. Kati ya maswali yote ya ile fomu, na yalikuwa zaidi ya themanini, hilo moja ndilo lililobeba maisha ya watu wa pale.

Sasa, mtu wa kwetu, Mborana, haulizwi ana mifugo mingapi. Si kwamba anaficha mali, kama wageni wanavyodhani. Kutaja idadi ni kuita jicho baya, ni kama kumwambia Mungu kwamba umeridhika na unaweza kupunguziwa. Mama yangu hakuwahi kusema alizaa watoto wangapi. Akiulizwa hospitalini alijibu, ni hawa ambao Rabbi ametuachia, na nesi akajaza alivyoona. Mchungaji naye hahesabu. Anamjua yule wa madoa, anamjua aliyevunjika pembe, anajua mama wa yule mweusi ni nani, na mmoja akipotea anajua ni nani hayupo bila nambari yoyote kupita kichwani mwake. Nimekulia humo. Hakuna aliyenifundisha, kama vile hakuna aliyenifundisha kutotema mate mbele ya wazee.

Kwa hiyo nilipouliza, kila boma lilinipa jibu lilelile: wachache tu. Wengine waliongeza, Rabbi ndiye anajua. Nilijua maana yake. Maana yake ni, usiniulize. Katika gari letu zima mimi peke yangu ndiye niliyejua hivyo, na hiyo ndiyo sababu waliniajiri. Nikaandika tano.

Nitasema ukweli kwa nini niliandika tano, maana nimechoka kujitetea. Ilikuwa jua la saa saba. Tableti ilikuwa inakaribia kuzima. Tulikuwa na fomu kadhaa za kumaliza kila siku na mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya wenzangu, vijana wa chuo wenye miguu mirefu. Tena niliona aibu. Ningemwambiaje mwanamke wa rika la mama yangu, hebu sema ni wangapi hasa, wakati mimi mwenyewe nikiulizwa nina watoto wangapi ulimi unakwama? Basi nikajitia hamnazo. Mtu akisema wachache nilibonyeza tano, mstari mwekundu ukaondoka, tukaendelea na swali linalofuata, ambalo lilikuwa la choo. Nilijiambia kwamba huko ofisini kuna mtu mwenye akili atakayeona haiwezekani eneo zima la wafugaji kila boma liwe na mbuzi watano. Siku hizi najua kwamba huko ofisini walikuwa wakijiambia, yule mwalimu wa Isiolo anawajua watu wake.

Boma la mama mdogo nalo lilipata tano. Mama mdogo ni dada ya mama yangu, wa mwisho kuzaliwa kwao, mjane. Tangu mama afariki ndiye aliyebaki duniani wa kuniita mwanangu. Tulifika kwake na madam, tukatandikiwa mkeka, tukapewa chai ya maziwa yenye sukari ya kufa mtu. Siku hiyo madam alitaka kuuliza mwenyewe.

"Mama, uko na mbuzi na kondoo ngapi?"

"Iko kidogo tu," mama mdogo akasema.

"Kidogo ni ngapi?"

"Kidogo ya kupata maziwa ya chai."

Madam akanigeukia. Asubuhi ileile tulikuwa tumesimamisha gari barabarani tukingoja mifugo ivuke. Dereva alizima injini, akashuka kunyoosha mgongo, akazungumza kwenye simu mpaka akamaliza, na mifugo ilikuwa bado inavuka. Wengi wao walikuwa wa mama mdogo. Madam hakujua. Mimi niliwajua kwa alama za masikio yao. Nikabonyeza tano, na mama mdogo akanijazia kikombe cha pili.

Miezi ikapita. Rasimu ya ripoti ikaja, na mkutano wa wananchi ukaitishwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Hema, viti vya plastiki, maji ya chupa. Mkutano wetu huanza kwa salaam aleikum na bwana asifiwe pamoja, kisha huombewa mara mbili, na mimi nilisimama mbele nikiwa na kipaza sauti, kazi yangu kutafsiri. Mhandisi alikuwa ametundika ramani kubwa. Alieleza mitaro, alieleza mahali pa mabasi kusimama, alieleza miti itakayopandwa, na watu walitikisa vichwa kwa adabu. Kisha akafika kwenye mifugo. Akasema imeonekana kwamba katika sehemu yetu idadi ya mifugo ni ndogo sana, kwa hiyo lile handaki limeondolewa kwenye mchoro, na wafugaji watatumia la kaskazini.

Wanaume walikuwa mbele, wanawake wamekaa pembeni, mama mdogo kati yao na mtandio wake wa kijani, wote wakinisubiri. Nikatafsiri neno kwa neno. Mzee mmoja akasimama akauliza, kwa Kiborana, bila kupandisha sauti, ni nani aliyesema wanyama wetu ni wachache. Nikamfikishia mhandisi. Mhandisi hakuwa na ubaya wowote. Alifunua karatasi zake, akatazama, akasema:

"Ni nyinyi wenyewe mlisema."

Hiyo nayo ilibidi niitafsiri. Hakuna aliyebisha. Wangebishaje, na kila mmoja alikumbuka kwamba alisema hivyo? Na kubisha kungekuwa kutaja idadi mbele ya umati, pamoja na wageni. Walikaa chini ya hema ile wakaona njia yao ya maji ikifungwa kwa neno la adabu walilolitamka wao wenyewe wakinywa chai na mimi. Hakuna aliyenitazama kwa hasira. Afadhali wangenitukana. Mkutano ulipoisha walijipanga kuandika majina kwenye orodha ya waliohudhuria, wakachukua soda zao, wakaondoka.

Nilimwambia madam ndani ya gari tukirudi mjini. Nilimweleza yote: desturi, tano zangu, na ile asubuhi tuliyosimama barabarani. Alikohoa. Nilidhani atanivumilia kwa ajili ya mvi zangu. Hakunivumilia.

"Mwalimu, mimi ningejuaje?" alisema. "Si wewe ndiye ungeniambia?"

Nikainamisha kichwa, maana alikuwa na haki. Tulipofika mjini hasira yake ilikuwa imeshuka na ameshaanza kupanga. Ripoti ilikuwa bado rasimu. Kulikuwa na muda wa kuleta pingamizi. Lakini kwenda ofisini na kusema tu kwamba watu wana mifugo mingi kuliko walivyosema haingefaa kitu. Mtu angeuliza kwa nini walidanganya kwanza. Alitaka hesabu ya macho, siku mbili nzima mahali mifugo inapovukia, na angalau mwenye mifugo mmoja wa kuithibitisha kwa kidole chake.

Nilikwenda kwa mama mdogo peke yangu, kwa bodaboda. Nilimkuta anafukiza vibuyu vya maziwa, mlango mzima unanuka moshi mtamu. Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba handaki limeondolewa kwa sababu ya kile nilichoandika, na kwamba linaweza kurudi kama mifugo itahesabiwa. Alisikiliza huku akitikisa kaa la moto ndani ya kibuyu. Akauliza kama wale watu hawana macho, si walisimama barabarani wakaona? Nikamwambia macho wanayo, ila ofisi yao haina. Alicheka kidogo. Kisha akalimwaga lile kaa, akakiweka kibuyu kando.

"Njia tunaitaka," alisema mwishowe. "Hesabu wewe. Wewe umesoma, pengine kwako haina neno. Lakini usitamke."

Nikaahidi. Niliahidi upesi, kama mtu anavyoahidi kwamba atakuja siku ya Idi.

Majirani walikataa. Hawakugombana na mtu. Siku zile mbili walipeleka mifugo yao kuvuka mbali, karibu na mjini, wakatembea zaidi ili wasipite mbele ya macho yangu. Watu waliokuwa wakinisalimia kwa kunishika mikono miwili walipita ng'ambo wakitazama mbele. Mama mdogo peke yake ndiye aliyeleta wake palepale, na alisimama kando yangu na fimbo yake tangu wa kwanza hadi wa mwisho.

Madam alikuwa amenipa kidude cha kubofya, cha kutosha kiganjani. Mbuzi mmoja, bofyo moja. Niliziba mdomo wangu nikabofya. Lakini kidude kile kina sauti, kinagonga, na kila kilipogonga nilimwona mama mdogo akikaza vidole kwenye fimbo. Lori lilikuja likapiga honi, mbuzi wakatawanyika, ikabidi nianze kuangalia upya ni yupi ameshapita. Jua likatupiga. Siku ya pili walipita na wengine, watu wa upande wa Gotu ambao hawakuwa wamepata habari, nikabofya na wao, na sikuwaambia. Sikuona fahari. Nilikuwa nataka iishe nirudi kwangu nilale.

Ilipoisha, madam alijaza karatasi juu ya boneti ya gari. Alikuwa amefurahi; idadi ilitosha na kubaki. Sasa, huyu madam alikuwa na sheria moja ambayo sikuwahi kumwona akiivunja. Mtu haweki kidole kwenye karatasi kabla ya kusomewa kila kilichoandikwa. Alisema kuna mahali aliona wazee wakitia sahihi ya kuacha mashamba yao wakidhani ni orodha ya chakula cha mchana. Ni sheria nzuri. Ningekuwa mimi mkubwa ningeiweka hiyohiyo.

"Msomee, mwalimu," akaniambia.

Nikasema anajua kilichomo. Akatikisa kichwa.

"Msomee yote, hata hiyo nambari. Asiweke kidole kwa kitu hajasikia."

Hapa ndipo ninapokwama nikikumbuka. Ningeweza kusoma kwa Kiborana nikairuka nambari, na madam asingejua. Ningeweza kumwita madam pembeni nikamweleza, na nadhani angeelewa. Lakini nilikuwa nimeshadanganya fomu mara moja, na nilikuwa nimeona chini ya ile hema uongo ule ulikotufikisha. Nilikuwa nimechoka kujificha nyuma ya adabu. Nilitaka mara hii kila kitu kiwe sawasawa, kiwe kimesomwa, kiwe wazi, pasiwe na mtu wa kuja kusema kwamba yule mama hakujua alichokiwekea kidole. Kwa hiyo nikasoma. Nilisoma jina lake, nikasoma mahali, nikasoma idadi, kwa sauti yangu ya darasani, kila silabi mahali pake.

Mama mdogo alichovya kidole kwenye wino, akakikandamiza pale nilipomwonyesha. Kisha akachuchumaa, akaanza kukisugua kwenye mchanga, na alikisugua hata baada ya wino kuisha. Nambari yenyewe sitaiandika hapa.

Handaki lilirudi. Madam alinipigia simu kutoka Nairobi akasema, mwalimu, tumepata. Nilikuwa jikoni. Niliketi juu ya ndoo nikalia, na yalikuwa machozi ya furaha, sitakataa. Katika ripoti ya mwisho kuna mstari mmoja unaolitaja na mchoro mdogo kama dirisha. Nilimpelekea mama mdogo nakala ya ukurasa huo ndani ya karatasi ya nailoni. Aliupokea kwa mikono miwili, akauweka ndani ya sanduku lake la bati pamoja na kitambulisho, akaniombea dua ndefu. Majirani waliokataa kuhesabiwa nao walikuja kuuona, na walishukuru.

Barabara yenyewe haijaanza. Alama nyekundu za kubomolewa walizochora kwenye kuta mjini zimeanza kufifia, na wenye vibanda wameshapaka rangi juu yake. Kila mwaka tunaambiwa ni mwaka huu.

Ugonjwa ndio uliotangulia kufika. Ulikuwa homa ya mapafu ya mbuzi, uliingia na mifugo iliyohama kutoka upande wa Kipsing ikitafuta malisho. Mbuzi anasimama ameachanisha miguu ya mbele, shingo ameinyoosha, anakohoa, na siku chache baadaye unamburuta kumtoa bomani. Nilikwenda na dawa, nikaenda na afisa wa mifugo, nikashika mbuzi wakichomwa sindano mpaka nguo zangu zikanuka mbuzi wiki nzima. Walikufa wengi mno. Boma la mama mdogo lilibaki na nafasi. Nilimwambia kwamba hata wa majirani wamekufa, wale ambao hawakuhesabiwa. Nilimwambia zaidi ya mara moja. Alikubali. Alisema ndiyo, hata wao wamekufa, na Rabbi ndiye mwenye mali. Hakunilaumu siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Mimi nimefundisha sayansi. Najua ugonjwa unasambazwa na vijidudu, naweza kukuchorea ubaoni jinsi vinavyoingia kwenye pafu. Hata hivyo kuna asubuhi naamka nikisikia sauti yangu ikisoma ile nambari, kila silabi mahali pake, na inaniuma.

Kwetu mgeni anayekupenda huja jioni. Anakuja kabla mifugo haijarudi, anakaa na wewe penye mlango wa boma, mnaitazama ikiingia mmoja mmoja, mnazungumza juu ya yule anayechechemea na yule anayekaribia kuzaa, kisha maziwa yanakamuliwa na mnayanywa yakiwa moto. Mgeni wa mchana ni wa shughuli: karani, muuza nguo, mtu wa chama cha siasa. Tangu nikiwa mtoto, kwenda kwa mama mdogo kulikuwa kwenda jioni na kulala huko.

Mara ya kwanza nilipokwenda baada ya ugonjwa kuisha, alinisindikiza mpaka barabarani asubuhi yake. Alinirekebishia mtandio begani, kama ninavyokumbuka mama akifanya.

"Mwanangu," alisema, "siku hizi uwe unakuja mchana."

Nikasema sawa.

Basi naenda mchana. Boma liko tupu, mifugo iko malishoni, na ananipokea vizuri kama zamani. Anatandika mkeka, anatia sukari nyingi, ananiuliza habari za watoto na za magoti yangu. Tunacheka. Ikikaribia saa kumi na moja anaanza kutupa macho upande wa laga, halafu ananitazama mimi, bila chuki yoyote. Nachukua mkoba wangu, naenda kusimama kando ya lami kutafuta gari la kunirudisha mjini kabla mbuzi hawajavuka.